MREJESHO: Nyumba inayovuja, mkononi nina milioni moja na nusu

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa pili niliuliza nianze na nini kwenye nyumba yangu ya vyumba viwili hapa Mbagala: paa linavuja, nina 1,500,000/= tu, na moyo wangu uko kwenye vigae vya sebuleni. Wengi mlinizuia, mkasema ziba juu kwanza. Nimewasikiliza, asanteni sana.

Fundi alipopanda alikuta bati karibu zote nzima. Tatizo lilikuwa misumari. Mipira yake imekauka na kupasuka, maji yanateremka taratibu kwenye mbao. Tumebadilisha bati 4 za geji 28, misumari yote ya upande huo na mbao 2 zilizooza. Vifaa nilinunua mwenyewe kama mlivyoshauri, ufundi nikalipa kwa awamu 3. Jumla 640,000/=. Masika imepiga usiku kucha, nikaamka kupapasa godoro la mtoto: kavu kabisa!

Nilipokosea ni ukutani. Nilipaka rangi wiki moja tu baada ya plasta, ukuta ukiwa bado mbichi, sasa rangi inabanduka kama maganda. Aliyeniambia nisubiri wiki 4, samahani sana ndugu yangu, ulikuwa sahihi. Ndoo nzima imepotea. Nitakwangua, nirudie kiangazi.

Vigae mwenye duka amenitengea boksi 14 za mzigo mmoja ili rangi zisipishane, nalipa kidogokidogo. Nimeshamaliza 7.

Mbarikiwe sana.