MJADALA: Tumemlilia ndovu, nani atawalilia vibarua wa sarakasi?

Wadau, naleta hoja hii nikijua wengi mtanipinga. Kikundi chetu cha usomaji hapa Nairobi kimemaliza Water for Elephants, riwaya ya Sara Gruen iliyotoka 2006, na karibu kila aliyechangia alimzungumzia Rosie, ndovu anayeteswa mle ndani. Mimi nashikilia kwamba riwaya hii inahusu ujira kuliko inavyohusu wanyama. Na mji wetu, unaopeleka vijana wa sarakasi hadi ng'ambo, ndio uliopaswa kuliona hilo mapema. (Anayetaka kukisoma kitabu kwanza aishie hapa, maana nitataja mwisho wake.)

Kwa kifupi: ni mwaka 1931, Marekani imebanwa na mdororo wa uchumi. Jacob Jankowski, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, anafiwa na wazazi wote wawili kwa ajali, anaacha mtihani wa mwisho na kudandia treni usiku. Kumbe ni treni ya sarakasi. Anapewa kazi ya kutibu wanyama, kisha anampenda Marlena, mke wa August, mkuu wa wanyama mwenye hasira za kutisha. Mapenzi yao sina haja ya kuyajadili.

Kilichonishika ni jinsi watu walivyopangwa kwenye ile treni. Wasanii wana mahali pao, vibarua wa kusimamisha hema wana pao, na hata kula hawachanganyiki. Pesa zikikauka, wanaokosa mshahara wiki baada ya wiki ni vibarua. Tajiri wao, Uncle Al, akitaka kupunguza watu hawaachishi kazi; anaagiza watupwe nje usiku treni ikiwa mwendoni. Wanaotupwa hivyo ni pamoja na Walter, mchekeshaji mwenye kimo kifupi, na Camel, mzee aliyepoozwa na pombe ya tangawizi iliyotiwa kemikali. Pombe hiyo ilikuwepo kweli, na mwaka 1930 ililemaza maelfu ya Wamarekani maskini. Sisi tuliozika watu zaidi ya 100 mwaka 2000, baada ya pombe yenye methanoli kuuzwa katika mitaa yetu ya mabanda, tunawezaje kumpita Camel kana kwamba ni mpita njia tu?

Dada mmoja alinijibu kwamba mtu ana mdomo wa kujitetea na ndovu hana. Ni hoja nzito, na katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na kuchoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 pale Mbuga ya Nairobi, naielewa inakotoka. Kurasa za August akimpiga Rosie kwa fimbo yenye ndoano zinaumiza. Na Gruen amempa mnyama huyu akili na heshima: Rosie anang'oa kigingi alichofungiwa, anakwenda kunywa maji ya limau yaliyoandaliwa wateja, kisha anarudi na kukichomeka kigingi palepale ardhini. Mandhari hiyo peke yake inatosha kumsifu mwandishi.

Lakini niambieni, ni nani aliyefungua vile vizimba mwishoni? Ni vibarua waliotupwa kwenye treni, waliosalimika wakarudi. Kishindo chote cha mwisho, umati kukimbia, August kuuawa, sarakasi kusambaratika, kilianza na watu waliodhulumiwa. Uncle Al mwenyewe anakutwa amenyongwa. Gruen anayapitia haya mbiombio, kisha anamrudisha msomaji kwa Jacob, Marlena na Rosie wanaohamia sarakasi nyingine. Hapo namlaumu bila kusita. Rosie amepata makao. Walter na Camel wamepata sentensi chache.

Kaka mwingine alisema aliyedandia treni alijua anachokifuata. Hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu ndilo tunalowaambia vijana wetu: "Si ulisaini mwenyewe?" Nendeni Ngara, pale Sarakasi Dome, ilipokuwa sinema ya Shan, mkawatazame wanasarakasi wakifanya mazoezi. Mtazameni yule wa chini kwenye piramidi, mishipa ya shingo imemtoka, wenzake wamemsimamia mabegani, naye anahesabu kwa sauti ili wa juu ajue lini ageuke. Bega hilo likiteguka katika nchi ya kigeni, nani analipa hospitali? Tiketi ya kurudi nyumbani ni ya nani? Habari za pasipoti kufungiwa kabatini tumezisikia sana kwa dada zetu walioenda Ghuba. Sioni kwa nini anayeruka pete za moto awe na kinga ambayo yaya hakuwa nayo.

Msimamo wangu ni huu: hakuna kijana wa sarakasi anayefaa kupanda ndege kabla ya mkataba wake kusomwa na ofisa wa serikali wa mambo ya ajira, ukiwa na bima ya majeraha na nauli ya kurudi, kwa lugha anayoielewa. Najua wapo wanasarakasi watakaosema urasimu utawapotezea nafasi, kwamba ajenti akiona foleni atachukua vijana wa nchi nyingine. Hao ndio ningependa wanijibu kwanza: mkiumia huko, kwa sasa mnampigia nani simu?