Afya ya mfungwa: haki yake, au ni sehemu ya adhabu?

MTOA MADA:
Wakuu, kila yakitajwa magereza hoja ni ileile: "Jela si hoteli. Aliyemdhuru mwenzake asitarajie godoro na daktari kwa kodi zetu." Siibezi, maana wengi wanaoisema wameporwa, wamepigwa au wamezika. Ila mimi naipinga.

Hakimu akisoma hukumu anasema miaka mitano. Hasemi miaka mitano na kifua kikuu. Kilichoondolewa kisheria ni uhuru. Mapafu hayakuwemo kwenye hati ya mashtaka. Sasa chukua seli iliyojaa mara mbili au tatu ya uwezo wake. Watu wamelala ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wote wanageuka, na hewa inaingilia tundu moja karibu na dari. Akikohoa mmoja usiku kucha, ni nani atakayepona hapo? Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba kifua kikuu magerezani ni takriban mara 10 ya uraiani. Nelson Mandela mwenyewe aliugua TB kifungoni mwaka 1988. Yeye dunia nzima ilikuwa ikimtazama, akapata hospitali. Wangapi hawatazamwi na mtu?

Halafu askari wa zamu anarudi kwake jioni. Mahabusu anapata dhamana. Wafungwa karibu wote hutoka siku moja, tutapanda nao basi moja.

Jingine: duniani wako zaidi ya watu milioni 11 walio korokoroni, na kama theluthi yao bado hawajahukumiwa. Hao nao "wamejitakia"?

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, umeandika kwa ufundi lakini umemsahau mtu mmoja: aliyetendewa. Mimi nilivamiwa nyumbani. Mpaka leo kikidondoka kijiko jikoni moyo unaruka, na dawa za usingizi nanunua kwa pesa yangu. Hakuna aliyekuja kuniuliza nalalaje. Leo nichangie kodi ili aliyenivamia apimwe presha? Na jela ikiwa na raha, nani ataiogopa?

MTOA MADA:
Pole sana, ndugu yangu. Ulistahili kutibiwa, na waliokuacha peke yako walikukosea. Ila mfungwa akitema damu, wewe usingizi haukurudii.

Kuhusu woga: tafiti nyingi za uhalifu zinaonyesha kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa kinachomngoja. Mwizi hapigi hesabu za miaka, anajiambia "hawanioni".

Halafu tazama kinachotokea mlangoni siku ya kutoka. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa zaidi ya watu 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Wiki mbili za mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na kilichoongoza ni kuzidisha dawa za kulevya. Sababu iko wazi: mtu amekaa ndani bila kutumia, mwili umesahau, anatoka na kurudia kipimo chake cha zamani. Ndani hakutibiwa uraibu, alizuiliwa tu.

MCHANGIAJI WA PILI:
Mimi ni muuguzi, nimewahi kufanya kazi gerezani. Tusidanganyane kwa upande wowote: wapo ambao pale ndipo walipopimwa kwa mara ya kwanza maishani, wakaanzishiwa dawa, wakanenepa. Shida iko kwenye karatasi. Mtu anaachiwa ghafla, faili lake linabaki kabatini, anaondoka hata bila vidonge vya wiki moja wala barua ya kumpeleka kituo kingine. Anakuja kuonekana tena akiwa hoi. Kwa mgonjwa wa TB ni hatari zaidi, maana dozi ikikatika vijidudu hujifunza kuishinda dawa. Hili halihitaji bajeti kubwa, jamani. Ni fomu moja na mtu wa kuijaza.

MCHANGIAJI WA TATU:
Mnazungumzia mapafu, nami niseme ya nyumbani. Kaka yangu alikaa mahabusu mpaka kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Mama alishauza kiwanja kulipa wakili. Shemeji aliondoka, na simlaumu. Mtoto aliambiwa baba yuko safari. Shuleni wenzake ndio waliomwambia ukweli. Leo kaka yuko huru, lakini mtu akiingia kwa sauti ya juu anachuchumaa kabla hajajua anafanya nini, kama anahesabiwa. Akiomba kazi anaulizwa miaka ile alikuwa wapi, na jibu la kweli linamfukuzisha sawasawa na la uongo. Huyu hakuhukumiwa hata siku moja.

MTOA MADA:
Ndiyo maana naanza na idadi ya watu kabla ya idadi ya madaktari. California walifikishwa mahakamani kwa matibabu mabovu ya wafungwa, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaridhia amri ya kupunguza watu, kwa kuona kwamba msongamano ndio mzizi. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka tiba ya mfungwa iwe sawa na ya uraiani, na zinapiga marufuku kumtenga mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Kwa seli iliyofurika hata daktari bingwa atafanya nini?

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Kwa mahabusu na kesi ndogondogo nakubali, wapewe dhamana na vifungo vya nje. Aliyeua au kubaka, hapo hujanishawishi. Atibiwe asituambukize, basi. Na bado hujajibu: sisi tuliovamiwa tunaandikishwa foleni gani?