Samaki wote wanahema juu ya maji: nibadilishe maji yote, nusu, au niweke dawa?

Pezi Refu (Tabata, Dar)
Wakuu, habari za asubuhi. Nina tangi la lita 90 lenye samaki wa dhahabu sita, wanne wadogo na wawili wakubwa wa kujaa kiganja. Nimekaa nao mwaka na nusu bila shida. Jumamosi nilifanya usafi wa nguvu. Nilitoa mawe yote, nikasugua vioo, nikakamua sponji ya chujio chini ya bomba mpaka ikatoa maji meupe, kisha nikajaza maji mapya. Tangi likang'aa.

Leo Jumatano nimeamka saa 11 alfajiri nikakuta wote sita wako juu, midomo nje, wanameza hewa. Mmoja amebana mapezi mwilini, mwingine anajikwaruza kwenye jiwe. Maji yameingia ukungu mweupe.

Kila ninayemuuliza ana lake. Muuza samaki anasema nimimine dawa ya madoa meupe. Jirani anasema nitoe maji yote. Mdogo wangu anasema chumvi. Halafu nina maji ya aina mbili: ya bomba, na ya kisima cha jirani yenye chumvi kwa mbali. Naomba msaada, hawa samaki mwanangu anawajua kwa majina.

Baba Tausi (Morogoro)
Pole mkuu. Toa maji yote, osha tangi, anza upya. Ukungu huo ni uchafu.

Maji Kwanza (Tanga)
Baba Tausi, samahani kaka, hapo nakupinga. Akiosha tena atawamaliza.

Pezi Refu, sikiliza. Ugonjwa huanza kwa samaki mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wakipanda wote sita alfajiri moja, mtuhumiwa wa kwanza ni maji. Klorini ya bomba nayo ingewaumiza siku ile ile ya Jumamosi, ndani ya saa chache. Wewe umeona dalili siku ya nne. Sumu inayojikusanya polepole hivyo ni amonia.

Inatoka kwenye kinyesi, kwenye mabaki ya chakula, na samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Wanaishi wapi? Kwenye ule utelezi wa kahawia uliokamua chini ya bomba, na juu ya mawe uliyoyasugua. Klorini iliwaua wengi, waliobaki wakaenda na maji. Tangi lako la mwaka na nusu limerudi kuwa tangi la siku nne.

Fanya hivi sasa hivi: washa pampu ya hewa, usiwape chakula leo wala kesho, toa nusu ya maji urudishe mengine. Kisha tafuta kipimo cha matone cha amonia utupe namba kabla hujanunua dawa yoyote.

Wanjiku wa Mbuna (Nairobi)
Naunga mkono nusu badala ya yote. Mwaka jana nilitoa maji yote kwa hofu kama yako, nikajaza ya baridi moja kwa moja. Joto lilishuka ghafla na asubuhi nilizika wanne. Hesabu ya nusu ni rahisi: amonia ikiwa 4, ukitoa nusu inabaki 2, jioni ukitoa nusu tena inabaki 1. Umeondoa robo tatu kwa siku moja, na samaki hawajapata mshtuko.

Pezi Refu
Asanteni sana. Nimekopa kipimo kwa jamaa wa Segerea. Kichupa kilitakiwa kibaki njano, kikageuka kijani kibichi kama jani la mchicha. Kwenye kadi ni miligramu 4 kwa lita. Nitriti 0. Nitoe nusu sasa, ila nijaze na maji yapi? Kisima hakina klorini, nilidhani ndiyo salama.

Maji Kwanza
Kipimo chako kina pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji? Pima yote mawili.

Pezi Refu
Bomba 7.2. Kisima 8.2. Joto la tangi nyuzi 29.

Maji Kwanza
Basi jibu umelipata. Amonia ina sura mbili majini, yenye sumu kali na isiyo na makali, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Kwenye nyuzi 29 na pH 7.2, yenye sumu ni kama asilimia 1 tu ya ile uliyopima. Kwenye pH 8.2 inafika karibu asilimia 10. Kwa hiyo ukijaza maji ya kisima leo, 2 iliyobaki itawauma kuliko 4 ya asubuhi. Tumia bomba. Kama una dawa ya kuua klorini, yenye sodiamu thayosulfati, weka. Kama huna, chota kwenye ndoo na upige hewa kwa pampu saa 24. Kwa leo azima maji ya jirani yaliyolala kwenye simtanki.

Mzee wa Ziwa (Kigoma)
Habari zenu. Mimi nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, maji yao ni pH 9 kasoro kidogo. Hayo ya amonia ni kweli kabisa, kwangu hata 0.5 ni hatari, ndiyo maana sponji naikamua kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si bombani.

Nimwongezee mwenye mada kitu kimoja cha kuangalia. Wakipanda juu alfajiri tu na saa 3 wameshashuka, hapo ni uhaba wa hewa: mimea na bakteria wamekula oksijeni usiku kucha, na maji ya moto hubeba kidogo. Nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 ni 7 na nusu. Wakibaki juu mchana kutwa hata pampu ikivuma, hapo ni sumu. Wako wako wapi sasa?

Pezi Refu
Saa 7 mchana, bado wako juu. Pampu inavuma.

Dada Pwani (Mombasa)
Na mimi naomba dawa ya madoa meupe iachwe dukani. Madoa yenyewe unayaona? Huwa kama punje za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Kujikwaruza peke yake hakutoshi, amonia pia huwasha ngozi. Dawa nyingi za namna hiyo huwaongezea mzigo samaki ambao matamvua yameshaungua.

Pezi Refu
Sioni doa hata moja. Nimeacha dawa.

Ijumaa: nimebadilisha nusu mara nne. Amonia 0.5. Watano wako chini wanatembea. Yule aliyebana mapezi amekufa usiku wa jana, nasikitika.

Maji Kwanza
Pole sana ndugu yangu. Usilegee, kuna wimbi la pili: nitriti. Inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Utaona mashavu yanakwenda mbio hata maji yakiwa na hewa tele. Hapo ndipo mdogo wako ana haki, maana kloridi ya chumvi huzuia nitriti isipite kwenye matamvua. Gramu 1 kwa lita inatosha, yaani gramu 90 kwako. Iyeyushe kwenye jagi kwanza.

Baba Tausi
Na hapo maji ya kisima si yangesaidia, maana yana chumvi tayari?

Maji Kwanza
Swali zuri kaka. Kwa nitriti yangesaidia kiasi, ila amonia bado haijaisha na pH ile ni kubwa. Chumvi ya jikoni unajua umeweka kiasi gani, ya kisima hujui. Na ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya lita ulizotoa tu.

Pezi Refu
Wakuu, leo siku ya 12. Nitriti ilipanda hadi 2, kichupa kikawa zambarau. Mashavu yalikuwa yanapiga haraka kweli. Niliweka gramu 90 jioni, asubuhi yametulia. Jamaa wa Segerea amenipa kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi lake, nimekibana pembeni ya langu.

Mzee wa Ziwa
Kipande hicho ni dawa kuliko zote. Chakula kidogo, mara moja kwa siku.

Pezi Refu
Siku ya 27. Amonia 0, nitriti 0, nitrati 20. Ukungu umeondoka wenyewe. Sponji ina utelezi wa kahawia tena na sijaigusa. Watano wanakuja mbele ya kioo mwanangu akikaribia.