Mjadala: Uadilifu wa habari za gemu unatafutwa chumbani kwa mtu?

Wadau, habari za jioni. Nina banda la gemu Majengo, Moshi, televisheni nne, mwaka wa sita sasa. Wiki iliyopita umetokea ugomvi pale bandani na nimeshindwa kuumaliza peke yangu, nauleta kwenu.

Kuna binti amemaliza kidato cha nne, huwa anakuja na mdogo wake wa kiume. Kwenye gemu ya mpira vijana wengi hawamwezi. Jumamosi alimfunga kijana mmoja nne bila, mechi ya shilingi mia tano. Kijana akaibamiza pedi mezani mpaka kile kifundo cha kushoto kikang'oka, akamwambia, "Nenda kapike." Binti hakujibu. Alimpa mdogo wake pedi, akasogeza stuli nyuma. Nikamdai kijana hela ya pedi, nikajua yameisha. Jumatatu asubuhi nakuta kwenye kundi la WhatsApp la banda picha ya binti, amepigwa kwa nyuma akiwa anacheza, na maneno kwamba namwachia acheze bure kwa sababu "tunaelewana". Nina mke na watoto wawili. Binti tangu siku hiyo hajakanyaga bandani.

Nikaandika kwamba ni uongo. Mteja wangu mmoja, anasoma kompyuta Arusha, akanijibu kwa adabu tu: "Kaka, wateja wana haki ya kuhoji upendeleo. Hata Gamergate ilianza hivyo, watu walikuwa wanadai uadilifu." Wengi wakamuunga mkono. Hilo neno limeninyima usingizi.

Kwa asiyeifahamu, Gamergate ni hii. Agosti 2014 kijana mmoja Marekani aliandika mtandaoni waraka mrefu wa kumwanika mpenzi wake wa zamani, Zoë Quinn, aliyetengeneza gemu ya maandishi kuhusu sonona, Depression Quest. Watu wakaokota humo kwamba Quinn alikuwa na uhusiano na mwandishi wa Kotaku, tovuti ya habari za gemu, wakasema kaununua uchambuzi mzuri kwa mwili wake. Mhariri wa Kotaku wakati huo, Stephen Totilo, alifuatilia. Mwandishi yule hakuwahi kuichambua gemu hiyo. Aliitaja kwa kifupi, kabla hawajawa wapenzi. Na gemu yenyewe mtu aliweza kuicheza bila kulipa hata senti. Sasa mtu anahonga ili auze nini?

Ukweli huo haukuzima kitu. Quinn alitishiwa kuuawa. Oktoba mwaka huo huo Brianna Wu, naye mtengenezaji wa gemu, aliikimbia nyumba yake baada ya vitisho. Anita Sarkeesian, aliyekuwa akichambua jinsi wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alifuta mhadhara wake Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah kwa sababu mtu alituma ujumbe kwamba atafyatulia watu risasi, na sheria ya pale iliruhusu wenye vibali kuingia na bunduki ukumbini. Huyu kosa lake ni kuchambua. Katika hayo yote nautafuta uadilifu wa habari na siuoni.

Jamani, simaanishi kwamba tatizo la waandishi wa gemu ni la kubuni. Lipo, tena kubwa. Sisi tunaijua bahasha, tunajua habari inayoandikwa kwa "nauli". Mwaka 2007 Jeff Gerstmann wa GameSpot aliipa Kane & Lynch alama 6 kwa 10 wakati tovuti yake imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo hiyo. Alifukuzwa kazi, na mwaka 2012 akaeleza hadharani shinikizo la watangazaji lilivyokuwa. Halafu hili: mwaka ule ule wa 2014, Warner Bros. iliwalipa watu wa YouTube waisifie Shadow of Mordor, wengine kwa maelfu ya dola, na sharti mojawapo lilikuwa wasionyeshe hitilafu za gemu. Kesi ikaishia Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani mwaka 2016. Bahasha hasa ni hiyo. Ina mtoaji, ina mpokeaji, ina mkataba. Naomba mnichangie, na wanaonipinga waje.

Mchangiaji wa Sakina, Arusha: Kaka, nakupinga kwa heshima. Umeweka watu wote kapu moja. Maelfu waliotumia ile alama ya reli ya Gamergate hawakumtishia mtu. Kelele zao ndizo zilizofanya Kotaku iwakataze waandishi wake kuwachangia fedha watengenezaji kupitia Patreon, ule mtandao wa kuchangisha fedha, na Polygon, tovuti nyingine ya gemu, iwatake waandishi watangaze wanapowachangia. Na huo mkataba wa Shadow of Mordor, miongoni mwa walioupigia kelele ni TotalBiscuit, mchambuzi wa gemu wa YouTube, ambaye watu wa Gamergate walimwona ni wao. Tena tovuti za gemu nazo ziliandika Agosti ile ile kwamba wacheza gemu wamekwisha. Ukimtukana mtu mzima hivyo, unategemea akae kimya?

Mchangiaji wa Pasua, Moshi: Mimi ni dada, nacheza kwenye simu kwa jina la kiume na maiki nimezima. Siku niliyosahau kuizima, nilitukanwa mpaka mechi ilipoisha. Huyo kaka wa Sakina anijibu: upendeleo gani nilikuwa nimepewa?

Mwenye banda: Wa Sakina, hoja ya Patreon naipokea, sheria zile ni nzuri. TotalBiscuit pia umemtaja vyema. Yeye alishika mkataba. Hakuhitaji kujua nani kalala na nani. Lakini wasiotishia walibaki chini ya alama ile ile na watishiaji kwa miezi, na Quinn, Wu na Sarkeesian hawakuwa na namna ya kujua nani ni nani. Kundi langu ni hivyo hivyo. Aliyeposti ni mmoja, waliocheka ni ishirini na kitu, na binti anawaogopa wote.

Anayehoji upendeleo bandani kwangu, daftari la mechi liko mezani. Binti amelipa kila mechi, nimeandika kwa mkono wangu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kulifungua.

Aliyeposti nimemtoa kundini. Jana nilikwenda kwa mama yake binti kumwomba radhi. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inagusa unyanyasaji wa namna hii, nikamwambia akitaka kwenda polisi nitakuwa shahidi. Mama amesema hataki polisi, anataka kijana aombe radhi pale pale kundini kila mtu asome. Binti mwenyewe anasema jina lake lisitajwe tena mahali popote. Nimsikilize nani hapo?