Mkataba wa kontrakta milioni 2 kwa mwezi, mkononi inabaki ngapi?

Wakuu habari za mchana. Nipo kwenye ajira hapa Posta, Dar, natunza kompyuta na mifumo ya ofisi, mshahara 1,500,000, ikishakatwa NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi ya mshahara) nabaki na 1,117,000. Sasa bosi kasema mkataba ukiisha hawaniajiri tena, nitakuwa kontrakta kwa 2,000,000 kwa mwezi, wao wanakata asilimia 5 basi. Wife keshaanza kuulizia nyumba Kijitonyama, mimi roho inasita. Kwamba kweli 1,900,000 yote yangu? Laptop, bando na mizunguko ya kazi juu yangu.

Mzee wa Goba: Saini mkuu unangoja nini, ishakatwa 5 hapo umemalizana na TRA.

Dada Mahesabu: Mzee usimpoteze mwenzio. Hiyo 5 ni kodi ya zuio, ni kianzio tu, kodi yenyewe inapigwa kwenye faida ya mwaka mzima. Tuseme mapato 24,000,000, matumizi ya kazi yenye risiti 4,000,000, faida ni 20,000,000. Mpaka milioni 12 kodi ni 1,536,000, zile 8 za juu zinaliwa asilimia 30 yaani 2,400,000, jumla 3,936,000. Toa 1,200,000 walizokuzuilia, unadaiwa 2,736,000. Gawa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, kila awamu 684,000. Ukitoa matumizi na kodi, kwa mwezi inabaki kama 1,338,000 na hapo NSSF bado hujagusa.

Kijana wa Tabata: Si aende kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, mbona mauzo yake ya mwaka yako chini ya milioni 100?

Dada Mahesabu: Kule watoa huduma za kitaalamu hawamo, huyu ni wa kutunza vitabu vya hesabu na kupeleka ritani (taarifa ya kodi) TRA.

Mleta mada: Duh. Kwa hiyo nimepanda laki mbili tu na ushee?

Fundi Mitandao: Hata hiyo usiihesabu kiongozi. Saivi unachangia NSSF 150,000 na mwajiri anaweka 150,000 nyingine, ukitaka akiba ileile hiyo laki 3 inatoka mfukoni kwako, ushajikuta na kama 1,038,000, chini ya ulipo leo, halafu likizo hakuna na ukilala na malaria wiki nzima invoisi inapungua. Mimi ningewaambia milioni 2 na nusu, ukipiga hesabu ya Dada na matumizi yaleyale inabaki kama 1,688,000, ukitoa hiyo laki 3 bado umezidi unachopata leo. Wao hawakulipii tena NSSF, wana pa kuongezea.

Na cheti cha zuio dai kila wakikulipa, usisubiri mwisho wa mwaka. Kuna mteja alinizungusha na vyeti vya miezi kibao, mhasibu mara yuko likizo mara mfumo uko chini, na bila cheti unathibitisha vipi kwamba ulikatwa?

Mzee wa Goba: Haya nimenyoosha mikono 😂

Dada Mahesabu: Mleta mada, 228,000 kila mwezi weka akaunti ya pembeni, isikae kwenye simu utaila. TIN (namba ya mlipakodi) iongezee biashara kabla hujasaini, na waulize risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) wanaitaka kuanzia malipo ya kwanza au vipi.

Mleta mada: Asanteni sana. Jumatatu naenda na hiyo 2.5, wakikaza 2.3 niwakubalie?

Fundi Mitandao: 2.3 wakiongeza na bima ya afya ya familia, hapo saini.