Chai ya kanisani baada ya ibada: muhogo na majimbi au boflo na soda? Mjadala uko wazi

Mtoa mada (Unguja): Bwana asifiwe jamani. Nataka tulijadili hili bila kutukanana. Juzi kwenye kikao cha kina mama tulikuwa tunapanga chai ya baada ya ibada, mie nkatoa hoja tuache soda na boflo (mkate wa dukani), turudi kwenye muhogo wa kuchemsha, majimbi, shelisheli likiwa msimu wake, na chai ya mchaichai. Kikao kikazizima. Mama mmoja akanambia "kwani sie tunafuturu?" maana huku ukitaja majimbi mtu anawaza Ramadhani tu. Nkanyamaza, ila nimerudi nalo nyumbani.

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6:19 (najua Paulo pale alikuwa anaongelea zinaa, sifichi, lakini hekalu ni hekalu). Chupa moja ya soda ina sukari vijiko vya chai vinane mpaka tisa, na tunawapa watoto wa sunday school hapo hapo mlangoni. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme, wakaomba mtama na maji siku kumi na nyuso zao zikapendeza kuliko za wenzao. Mtama jamani! Ule ule wa mkate wa mofa.

Bibi yangu alikuwa anakaa juu ya mbuzi anakuna nazi mbili, anakamua kwenye kifumbu, tui jepesi ndo linachemshia muhogo, lile zito analitia mwisho moto ushapungua huku anakoroga taratibu lisikatike, na samaki changu wa kukaanga kando. Leo hicho tunakiita chakula cha shida.

Kijana wa Wete: Dada nakuheshimu ila hapo kwa Danieli umeteleza. Mtama ni Biblia ya Union, ukisoma tafsiri ya Habari Njema ni mboga za majani. Halafu hakukataa kwa ajili ya afya, alikataa kujitia unajisi. Na sura ya 10 anasema wiki tatu hakula nyama wala divai, maana yake siku nyengine alikuwa anakula kama kawaida. Na muhogo wenyewe ni wanga mtupu, protini kidogo mno, usiupe utakatifu.

Msabato, Unguja: Mkisema vyakula vya asili msichague. Walawi 11, cha baharini kisicho na mapezi na magamba ni najisi. Pweza je? Ngisi? Kaa?

Mtoa mada: Mwenzangu, pweza hapa ni asili kuliko huo mkate! Na Petro kwenye Matendo 10 si aliona nguo kubwa inashuka na wanyama wa kila aina, akaambiwa achinje ale?

Msabato, Unguja: Soma mpaka mstari wa 28, Petro mwenyewe anasema kaonyeshwa asimwite MTU najisi. Habari ya supu ya pweza haimo.

Mtoa mada: Na Marko 7:19 je, vyakula vyote vimetakaswa? Haya tuliache, pweza wangu sikupi hata ukitaka.

Mpishi, Nungwi: Mie nacheka tu. Wageni hotelini wananiuliza mkate wa Ezekieli, kumbe kwao Marekani unauzwa madukani, Ezekieli 4:9, ngano, shayiri, dengu, mtama na vyenginevyo. Sasa nlivyosoma ile sura ule ni mkate wa kuzingirwa na njaa, unapimwa kwa mizani, na kuni zake mwisho akaruhusiwa kinyesi cha ng'ombe. Watu wanakula adhabu wanalipia.

Mama wa Tomondo: Nyote mnaongea mistari, hakuna alouliza nani anakuna nazi. Watu sitini! Hiyo ibada mie nitaisikia saa ngapi, nimo jikoni toka alfajiri namenya muhogo mikono inaniuma? Soda inafunguliwa, basi. Boflo linakatwa, basi. Mkitaka chakula cha bibi mjue bibi alikuwa haketi kitako.

Mtoa mada: Mama hapo umenikamata, sina jibu la Biblia. Kweli hoja yangu nlivyoisema ilikuwa kama naweka sheria, na sheria ya chakula sitaki, Paulo kashasema mlapo na mnywapo fanyeni yote kwa utukufu wa Mungu. Ninachokataa ni ile aibu, mtoto anaona muhogo anafinya uso. Nimeongea na vijana wa kwaya, wanaume watatu wamekubali kukuna Jumamosi jioni kisha muhogo tunaumenya usiku tunauloweka kwenye maji. Mbuzi nnayo moja, ya pili kaniazima jirani yangu Muislamu, kacheka mpaka basi, anasema nimrejeshee kabla ya Ramadhani.

Mama wa Tomondo: Wakikuna kweli naja. Wasipokuna nafungua soda.