Kiungo cha bomba la tangi la samaki kinavuja tena baada ya kupakwa silikoni

Mfugaji wa Njiro, Arusha

Habari za jioni ndugu zangu. Nina tangi la kioo la lita 240 lenye samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na ndani ya kabati lililo chini yake lipo tangi dogo la kuchujia, ambamo pampu husukuma maji kuyarudisha juu kwa bomba jeupe la milimita 25. Elbo (kiungo cha kona) iliyo juu kidogo ya pampu inadondosha maji. Fundi aliyefunga mfumo huu ameipaka silikoni kwa nje mara mbili, na kila mara inakaa kavu siku chache, kisha matone yanarudi. Sasa ubao wa kabati umeanza kuvimba, na kwenye kiungo kumeota ukoko mweupe kama magadi. Ninaomba kujua kama ipo njia ya kudumu ya kuitengeneza bila kulimwaga tangi zima, maana majike mawili yamebeba mayai mdomoni na sipendi kuyasumbua.

Fundi bomba, Majengo, Moshi

Pole sana, ndugu. Kabla ya yote, tazama nyaya za umeme zilizomo ndani ya kabati hilo: kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Usiudharau uvujaji mdogo, kwa sababu tone moja kila sekunde hufikia takribani lita 4 kwa siku.

Silikoni haikuwa dawa hapo. Hushika kioo vizuri sana, lakini kwenye bomba la plastiki hushika kwa shida, na maji yanayosukumwa kutoka ndani huibandua taratibu mpaka yapate upenyo. Ukoko huo mweupe ni chumvichumvi zinazobaki maji yanapokauka, hivyo unaonyesha maji yanakopita, ila si lazima yawe yanaanzia hapo. Futa bomba lote likauke kabisa, kisha funga kipande cha tishu kwenye kila kiungo, ukianzia cha juu kabisa, na uangalie ni tishu ipi inayolowa kwanza.

Jambo la pili, tafuta kipande cha bomba hilo kilichobaki, ukitie kwenye ndoo ya maji. PVC, plastiki inayounganishwa kwa gundi, huzama, na PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuchomelewa, huelea. Utujulishe umeona nini.

Mfugaji wa Njiro, Arusha

Ahsante sana, fundi. Tishu iliyolowa kwanza ni ile ya kwenye mdomo wa elbo, upande wa juu, na nyingine zote zimebaki kavu. Kipande cha bomba kimeelea. Kinachonishangaza ni kwamba ubavuni mwa elbo yenyewe pameandikwa PVC.

Fundi bomba, Majengo, Moshi

Basi chanzo tumekipata. Gundi ya PVC haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo uso wa bomba na uso wa ndani wa elbo, ili vikikauka viwe kitu kimoja. PPR haiyeyushwi na gundi hiyo hata ukimimina kopo zima, kwani mabomba yake huunganishwa kwa mashine ya kuchomelea yenye joto la nyuzi 260 hivi. Kwa kuwa yote mawili yana kipenyo cha milimita 25, bomba liliingia kwenye elbo likakaa, na tangu siku hiyo limeshikiliwa na kubanana tu.

Ushauri wangu ni kuondoa PPR yote kuanzia kwenye pampu hadi kwenye valvu na kuweka PVC, pamoja na yunioni moja (kiungo kinachofunguka na kufungwa tena) juu ya pampu ili siku nyingine uweze kuitoa bila msumeno. Kata bomba mpya kwa unyoofu, ondoa vinyuzi vya plastiki vilivyobaki kwenye ncha, lijaribishe likiwa kavu na uweke alama ya mwisho wake. Paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, kisha ulishikilie kwa nusu dakika, kwa maana tundu la elbo hupungua upana kuelekea ndani na hulirudisha bomba nje ukiliachia mapema. Subiri saa 24, na kama ni Juni au Julai, kwa baridi ya Arusha, ongeza muda. Tangi la juu halihitaji kumwagwa: zima pampu, acha maji yashuke mpaka mdomo wa bomba ubaki hewani, ndipo ufunge valvu.

Mlezi wa samaki, Sakina, Arusha

Mimi ningechagua kuchomelea PPR kwa PPR, kwa sababu kiungo hupoa kwa dakika chache na hakuna gundi ya kusubiri. Ila viungo vya kukaza kwa kuzungusha kama skrubu visiwe na shaba ndani, hasa kama unafuga konokono au uduvi, kwani shaba huwadhuru.

Ukifuata njia ya gundi, ndugu yangu, usiache sifongo za chujio zikauke wala kuzisuuza kwa maji ya bomba yenye klorini. Bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki huishi humo. Ziweke ndani ya tangi la juu pamoja na pampu ya hewa, na usiwalishe samaki siku hiyo. Majike yako hayatakula hata hivyo, maana yana mayai mdomoni.

Fundi bomba, Majengo, Moshi

Hoja ya dada wa Sakina ni sahihi, na njia zote mbili zinafaa mradi bomba na elbo viwe vya aina moja. Kama umetumia gundi, suuza bomba jipya kwa maji ya ndoo na uyamwage kabla ya kuliunganisha na mfumo. Washa pampu asubuhi utakaposhinda nyumbani, ukiwa umezungushia tishu kavu kila kiungo, kisha izime makusudi, kana kwamba umeme umekatika, uhakikishe kwamba tangi la chini linayapokea maji yote yanayorudi bila kufurika.